Ukuta wa mawe wa kale shambani kwetu Nyatike: ubomolewe?

NyarNyatike:
Habari zenu wadau. Naishi Kisumu ila kwetu ni Nyatike, upande wa Macalder. Kwenye shamba la marehemu babu kuna ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, umezunguka kama boma. Upande mmoja unanifika kifuani, kwingine umeshalala na miti ya bondo imeota katikati. Kaka yangu anaanza msingi wa nyumba na ameshapatana na mwenye lori aje azoe mawe, yatakayobaki yauzwe. Roho yangu inakataa, lakini nikisema hivyo kikaoni naulizwa, "Mawe yanakulisha?" Nijibu nini?

Mwalimu Mstaafu, Migori:
Dada, lori lisimame kwanza, mengine tutazungumza. Huo ukuta wenu una undugu na Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe hapa kwetu Migori, lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wengi hudhani Thimlich iko peke yake. La hasha, huku kwetu maboma ya aina hiyo ni mengi. Ile ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote.

Mpeleke kaka yako akaione. Ainame apite kwenye lango, maana lilifanywa fupi makusudi ili adui aingie akiwa ameinamisha kichwa. Akiwa ndani atazame kuta zinazofika mita 4 kwenda juu, kisha achunguze zilivyopangwa: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati pamejazwa mawe madogo. Hakuna jiwe lililochongwa, wala msingi uliochimbwa. Ukuta unapindapinda bila kona kali, na umejishikilia hivyo tangu karne ya 16 hivi. Chini kuna matundu ya kupitishia mifugo wadogo. Na kwenye mwamba kuna vishimo vya bao! Hapo ndipo mimi hukawia na wanafunzi. Watu waliojifungia ndani ya kuta nene namna ile kwa kuogopa maadui na wanyama walikuwa pia na wasaa wa kukaa wacheze.

Tena hawakuwa watu wa kabila moja. Walikaa humo kwa kupokezana, watu wa lugha mbalimbali, na kila aliyekuja alikarabati alichokikuta. Mawe yenyewe yaliokotwa papo hapo kilimani. Yakishapakiwa kwenye lori, hata ukiyarudisha yote, ni rundo tu.

FundiMawe_Nakuru:
Niongee kifundi. Mawe yasiyochongwa yanaacha nafasi kubwa kati yake, kwa hiyo msingi utameza saruji na mchanga kupita kiasi. Kaka yako apige hesabu vizuri kabla ya kusema amepata mawe ya bure. Bondo nazo msizing'oe, mtaondoka na ukuta. Kateni matawi tu. Hapa Nakuru tuna Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale, inalindwa kisheria tangu 1943, nayo ina mabao yaliyochongwa mwambani. Watu wa mtaani wanapita barabara kuu kila siku na hawajawahi kuingia. Inaniuma sana.

Mama Seme:
Kuhusu kulisha, msidanganyane. Boma lenu halitalipa karo muhula ujao. Huku kwetu, kwenye miamba mikubwa ya Kit Mikayi, wageni hulipa kiingilio na vijana huwatembeza, lakini yale mawe yalikuwa na watu wake zamani kabla ya watalii. Waumini wanakuja kufunga na kuomba pale mpaka leo. Mwambie kaka yako hivi: babu alilima shamba hilo maisha yake yote akauzunguka ukuta. Alikuwa na sababu.

NyarNyatike:
Hiyo ya babu imemgusa. Lori limeahirishwa, tunakaa kikao Jumamosi. Nikienda Makumbusho ya Kisumu kuwaeleza habari za ukuta, nibebe nini?

Mwalimu Mstaafu, Migori:
Piga picha kila upande, mtu asimame kando ya ukuta ili kimo kionekane. Beba namba ya shamba. Iko sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi, na ugunduzi wa namna hii hupelekwa kwa Makumbusho ya Taifa, kwa hiyo waambie wazi kwamba kuna mpango wa kubomoa. Kabla ya Jumamosi mtafute mzee jirani anayejua nani alikaa humo mwisho, umrekodi kwa simu. Kikaoni mpe yeye nafasi ya kwanza kuzungumza.