Uvimbe ndani ya umio, bayopsi imerudi haina kitu. Sasa?

Bint_Malindi: Asalaam aleikum jamani. Mamangu alikuwa akila wali mkavu unamkwama kifuani mpaka ashushie na maji, tukampeleka Mombasa akaingizwa kamera, wakaona uvimbe kama sentimita 2 lakini juu ni laini, hauna kidonda. Wakakata kinyama cha kupima, ndiyo hiyo bayopsi, majibu ati ni nyama ya kawaida. Daktari asema asikatwe tena, tutafute kamera yenye ultrasaundi. Ami yangu asema hizo ni njama za pesa tu, si majibu ni safi? Na mimi kila nikisaka mtandaoni naona saratani.

nasi_wa_endo: Waaleikum salaam. Daktari yuko sawa, ami asikasirike. Kile kikoleo cha kukatia kinyama huchukua ngozi ya juu ya umio tu, uvimbe wenyewe uko chini yake, kwa hivyo hayo majibu ni ya ngozi. Na ukikata kata pale unaacha kovu, ngozi inashikana na uvimbe, halafu siku ya kuutoa ni kazi. Ile ultrasaundi yaonyesha tabaka za umio moja moja, wajue uvimbe umetokea wapi, ikibidi wanaudunga sindano hapo hapo. Wengi wa hivyo huwa ni leiomayoma, uvimbe wa misuli, si saratani. Ila kuna GIST, aina nyingine ya uvimbe wa ukutani ambayo yaweza kuwa saratani, kwenye umio ni nadra, kwa macho zafanana, maabara ndio huzitenganisha: wakizipaka rangi za kutafuta protini, GIST hushika ya CD117, leiomayoma hushika ya desmini.

Bint_Malindi: Kwa hivyo atapasuliwa kifua??

mtu_wa_Shela: Si lazima dadangu. Mdogo usiosumbua mara nyingi huachwa ukaangaliwa. Wa kutolewa, siku hizi wako wanaochana ngozi ya ndani juu kidogo ya uvimbe, wanapita chini yake na kamera, wanautoa, wanafunga kwa klipu. Babangu wake ulikuwa wa njano njano, aina iitwayo granyula seli, huo hauko chini sana, kinyama cha kwanza kikatoa jibu. Shida yetu ilikuwa safari tu, mzee hajala tangu jana kwa ajili ya kamera na boti ya kuvukia Mokowe, bara, haijajaa.

kitovu_pwani: Lakini akianza kukonda au hata uji ukwame msingoje, mrudisheni haraka. Saratani ya umio Kenya si haba.

Bint_Malindi: Shukran sana. Nimemsomea ami, sasa auliza hiyo kamera iko wapi.

nasi_wa_endo: Pigeni simu kwanza, si kila penye kamera pana ultrasaundi yake. Na mubebe ripoti na picha za mara ya kwanza.