Dozi ya thairoidi imepandishwa, sasa moyo unaenda mbio na usingizi hamna

mamawawili:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada maana nimechoka kweli. Tezi yangu ya thairoidi ni mvivu, natumia levothairoksini (vidonge vya homoni ya tezi) huu mwaka wa 3, nilikuwa kwenye mikrogramu 75, kipimo cha mwisho TSH (homoni inayoiamrisha tezi, ikipanda maana yake dawa haitoshi, ikishuka sana imezidi) ikaja 9 ndo daktari akanipandisha mpaka 100. Mwanzoni niliona afadhali, ule uchovu na kuhisi baridi vikapungua, ila kuanzia wiki ya nne moyo unadunda hata nikiwa nimekaa tu, mikono inatetemeka, jasho, tumbo linaharisha, usiku nakodoa macho mpaka saa tisa. Nimekuwa mkali pia, namfokea mtoto kwa kitu kidogo halafu naenda kujifungia nalia. Kurudi kupima bado wiki mbili. Nawaza niache dawa kabisa siku chache au niwe nakata kidonge nusu, kuna aliyepitia haya??

tezi_mvivu:
Pole sana dada, na huo ukali wala sio tabia yako, dawa ikizidi inamfanya mtu hivyo hivyo. Mimi nilishawahi kuacha mwenyewe kimya kimya, nikaja kuangukia upande wa pili, uchovu mpaka kuamka kitandani kazi. Halafu ujue hii dawa inatoka mwilini polepole, inachukua kama siku 7 ipungue nusu, kwa hiyo hata ukiacha leo kesho hutaona tofauti. Ila usikae kuzisubiri hizo wiki mbili!! Piga simu kesho asubuhi uwaeleze hizo dalili zote, wanaweza kukupima mapema. Na ukisikia kifua kinauma, pumzi inakata, unataka kuzimia au moyo unapiga bila mpangilio, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo.

Baba K:
Naomba kuuliza kitu kabla hujalaumu dozi. Tangu upandishwe kuna chochote umebadilisha, saa ya kumeza, unachomezea, dawa nyingine, au vidonge ni vya kampuni tofauti na vya mwanzo?

mamawawili:
Sasa umenishtua. Zamani nilikuwa nameza asubuhi na kahawa, pamoja na kidonge cha kalsiamu, vyote kwa mpigo. Siku ile napandishwa nesi akanielekeza nimeze na maji matupu nikae saa nzima ndo nile, na kalsiamu niliacha maana iliniishia. Sikujua kama ina uhusiano

Baba K:
Uhusiano upo mkubwa tu. Kalsiamu inaizuia hii dawa isiingie mwilini, kahawa nayo inapunguza, madini ya chuma vilevile, ndo maana wanasema kalsiamu na chuma viachane nayo kwa masaa 4, kahawa nusu saa mpaka saa nzima. Inawezekana kabisa ile 9 ilitoka kwa sababu sehemu ya dawa ilikuwa inapotea tumboni, sasa umepandishwa na wakati huohuo umeanza kumeza vizuri, mambo mawili kwa pamoja. Mwambie daktari hilo neno kwa neno, kwenye karatasi ya vipimo halionekani. Ila usirudie kahawa ili "kupunguza" dawa, endelea na njia sahihi, yeye ndo apunguze mikrogramu. Na kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini (aina ya vitamini) waambie kabla ya kupima, vinadanganya majibu.

asha_m:
Nyongeza kidogo, kila ukiamka kabla hujanyanyuka hesabu mapigo ya moyo dakika nzima andika. Mimi nilikuwa naambiwa ni wasiwasi tu, nilivyopeleka daftari ndo nikasikilizwa. Nilipewa na dawa ya kutuliza moyo kwa muda wakati dozi inapunguzwa, ila hiyo sio ya kila mtu, mwenye pumu lazima aseme

mamawawili:
Narudi na majibu. Nilipiga simu wakaniita siku ya pili, TSH imeshuka mpaka 0.06, daktari kasema dawa imezidi na kuiacha hivyo muda mrefu inaumiza moyo na mifupa. Nimerudishwa 75 ya kumeza tumbo tupu, napima tena baada ya wiki 6. Habari ya kahawa na kalsiamu aliiandika kwenye faili kabisa. Leo siku ya tisa, mikono imetulia kiasi, jana nimelala mpaka saa kumi na moja. Mwanangu nimemwomba msamaha. Baba K lile swali lako Mungu akubariki