Mjadala: Tutoboe ukuta wa Mji Mkongwe, au tuielemee sakafu?

Mwongoza mjadala
Majumba mengi ya mawe Unguja, Lamu na Mombasa ya Kale yakikodishwa kwa maonyesho ya sanaa, sharti la kwanza ni lile lile: hakuna msumari, hakuna drili. Wanaotundika kazi wanalalamika kwamba sharti hili linawalazimisha kuingiza kuta bandia za mbao, na uzito wote unakwenda kwenye boriti za ghorofani. Wahifadhi wa majengo wanasema tundu moja leo ni mia kesho. Waliowahi kushika kazi hii kwa mikono yao, karibuni.

Mtundikaji
Nianze na hesabu, maana watu wanadhani ukuta bandia ni karatasi. Ukuta wa mita 2.44 kwa 2.44 wenye plaiwudi ya milimita 12 pande zote mbili unakula shiti nne, kila moja karibu kilo 20. Ongeza fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili, unapita kilo 100. Usipouwekea uzito chini, mtoto akiuegemea unaanguka, kwa hiyo mifuko minne ya mchanga ya kilo 25. Kilo 200 na ushei, kwa ajili ya kushikilia picha sita ambazo zote pamoja hazifiki kilo 30. Sasa niambieni, nani anaharibu jengo: huyu, au mwenye matundu kumi na mawili ya milimita sita?

Fundi chokaa
Hesabu yako ni sawa, lakini umeuruka ukuta. Ukuta huu si tofali. Ni vipande vya matumbawe vilivyopangwa kwa udongo mwekundu na chokaa, na katikati ni kifusi. Ukiwasha drili kwa kugonga, mtikisiko unalegeza jiwe lililo nyuma ya lipu. Leo huoni kitu. Mvua ya masika ikipita, lipu inatoa sauti ya debe ukigonga kwa kifundo cha kidole, halafu inadondoka bamba zima.

Kisha plagi ya plastiki, ile inayotiwa tunduni ili ishike skrubu. Imetengenezwa itanuke ndani ya kitu kigumu. Kwenye udongo na chokaa inazunguka tu, na mtu anajibu kwa kuweka kubwa zaidi. Skrubu ya kawaida nayo inashika kutu kwa hewa ya bahari, kutu inavimba kuliko chuma chenyewe, na tundu linapasuka kutoka ndani. Mwisho kabisa, maonyesho yakiisha, mtu anaziba kwa jasi au saruji kwa sababu ndivyo vilivyo dukani. Saruji haipitishi unyevu, basi maji na chumvi vinatafuta njia pembeni yake na kula lipu kuizunguka. Tundu la milimita sita linakuwa doa la ukubwa wa sahani.

Mtundikaji
Fundi, yote hayo ni makosa ya mtobozi. Linaweza kutobolewa vizuri?

Fundi chokaa
Linaweza, ndiyo maana naudhika na pande zote mbili. Zima kugonga, drili izunguke tu. Anza na kijiti cha milimita mbili na utazame vumbi. Likitoka jeupe na drili inakataa, uko kwenye jiwe, sogea. Likitoka la rangi ya udongo na drili inaingia bila kusukumwa, uko kwenye kiungo. Hapo panua hadi milimita sita, kina cha sentimita sita. Badala ya plastiki, gonga kigingi cha mti mgumu kwa mkono, na skrubu ya chuma kisichoshika kutu. Mimi sipitishi kilo tano kwa tundu. Kuziba: puliza vumbi, loanisha tundu, sukuma chokaa iliyozimwa na kulala, sehemu moja kwa tatu za mchanga mwembamba, kwa awamu mbili. Usipoloanisha, ukuta unakunywa maji ya chokaa na kizibo kinatoka kizima kama meno ya bandia.

Msimamizi wa jengo, Mombasa
Na nani atasimama pale kuangalia rangi ya vumbi? Mwenye maonyesho anakuja na vijana watatu na siku moja ya kazi. Halafu hamjagusa jambo moja: chini ya chokaa mnayoiona kunaweza kuwa na kitu. Fort Jesus kuna michoro ya mkaa na rangi nyekundu iliyoachwa ukutani na Wareno. Ukuta wenyewe ni kazi ya sanaa, na mnataka kuutoboa ili mtundike nyingine. Tundu la chokaa linazibika, mchoro hauzibiki.

Mwalimu wa sanaa
Lakini tusikatae kila kitu. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zipo, zilijengwa kuweka vitu. Sanamu ndogo, chungu, kitabu, vyote vinakaa humo bila tundu hata moja. Weka chini kipande cha ngozi laini au koki, lile gome la vizibo vya chupa.

Msimamizi wa jengo, Mombasa
Zidaka za lipu ya kuchonga, hapana. Rafu zake nyingine ni nyembamba, na kingo zinakatika kwa kuguswa na kiwiko.

Mhandisi
Nirudi kwenye sakafu, maana mnaipa lawama isiyo yake. Kilo 200 zikitandazwa kwenye kitako cha mita mbili za mraba ni kilo 100 kwa mita ya mraba. Watu wanne waliobanana kwenye mita moja ya mraba wanakaribia kilo 300. Hatari ni usiku wa ufunguzi, wote wamekusanyika katikati ya chumba wakisikiliza hotuba, palepale boriti inapopinda zaidi. Sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kilo 150 kwa mita ya mraba, ukumbi wa maonyesho 400. Nyumba hizi zilijengwa za kuishi.

Kwa hiyo: kuta bandia ziwe karibu na kuta za mawe, kitako kikatize boriti nyingi badala ya kulala sambamba na moja. Miguu minne bila ubao chini ni kosa. Chumba cha mita tatu kwa nane, mimi naruhusu watu 25 kwa wakati mmoja, hotuba ifanyike uani.

Fundi chokaa
Karibu na ukuta ndiyo, ila ncha ya boriti ndani ya ukuta ndiyo huoza kwanza, hasa chini ya mfereji wa paa unaovuja. Ichome kwa bisibisi nyembamba kabla ya kupanga. Ikiingia kama kwenye mkate, chumba hicho hakipokei maonyesho.

Msimamizi wa jengo, Mombasa
Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe Unguja, iliporomoka Desemba 2020. Haitoshi kutufunza?

Mhandisi
Iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo, na watu walikufa. Tusiitumie kama fimbo kwenye hoja ya misumari.

Mtundikaji
Basi napendekeza njia ya tatu. Papi moja, yaani ubao mrefu mwembamba, ya mti mgumu sehemu ya juu ya ukuta, ifungwe mara moja na fundi wa chokaa, na kila maonyesho yatundike kwa waya kutoka hapo. Nyuma ya kila fremu vipande vya koki vya sentimita mbili ili hewa ipite, la sivyo karatasi inaota kuvu ndani ya wiki chache.

Msimamizi wa jengo, Mombasa
Papi inaukata ukuta mzima vipande viwili kwa macho. Naikubali kwenye chumba chenye lipu mpya ya chokaa, ambako tunajua hakuna kitu chini. Chumba chenye neru ya zamani, ile lipu laini ya chokaa, hapana, na gharama ya kurudisha ukuta iwekwe rehani kabla ya funguo kutoka mkononi mwangu.

Fundi chokaa
Rehani hiyo ilipe fundi wa chokaa, isilipe ndoo ya rangi ya plastiki. Andikeni hivyo kwenye mkataba.