Tupeane uzoefu: taja mwandishi anayestahili wasomaji wengi kuliko alio nao, sema tuanze na kitabu gani na watu hukwama wapi

Mchambua Pamba
Wakuu, kuna mtu kauliza kwenye uzi mwingine kama kabla ya Abdulrazak Gurnah kupata Nobel ya fasihi ya 2021 "tulikuwa na waandishi kweli". Swali limechoma. Riwaya yake Peponi imeshatoka kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis tangu 2022, isomwe, hakuna ubishi. Ila rafu ileile ina watu waliojaa vumbi.

Masharti: mwandishi mmoja, kitabu cha kuanzia, na kinachokwamisha. Shaaban Robert marufuku, huyo ana wa kumsemea.

Nafungua na Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi. Najua mtasema maarufu. Jina ndilo maarufu. Watu wanaishia Rosa Mistika (1971), wakijitahidi sana Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Nagona na Mzingile, ambavyo kila kimoja hakifiki kurasa mia, vinakwepwa kama nyumba yenye mzimu. Anayekwama ni yule anayeingia akitafuta kisa, nani kamwoa nani, nani kafa. Humo msimulizi hana jina, mahali hapana ramani, na wakati haufuati foleni. Soma sura nzima kwa mkao mmoja. Usirudi nyuma kutafuta ulichopitwa, maana hakuna ulichopitwa. Shika penseli, weka alama kila picha inayojirudia, halafu ukimaliza pitia alama tu. Mzingile ifuate papo hapo kabla Nagona haijapoa kichwani.

Kiroboto
Naunga mkono. Nagona inaogopwa bure.

Nahodha wa Rafu
Bure? Huwezi kumrusha mtu kutoka Rosa Mistika hadi Nagona. Apite kwanza Kichwamaji (1974). Pale kisa kipo na falsafa imeanza kuchemka, unaona jinsi mawazo yanavyomtafuna mhusika mkuu, Kazimoto, hadi anajiua. Halafu Gamba la Nyoka (1979), ndipo Nagona.

Kiroboto
Asante kwa kutumalizia uhondo, mkuu.

Nahodha wa Rafu
Riwaya ya 1974 hiyo. Ulitaka nikufunikie hadi lini?

Tumbili Mjini
Mimi nasema kinyume. Aanze na Nagona akiwa hana mazoea. Ukishazoea Rosa Mistika, Nagona itakuudhi tu. Au aanze na mashairi yake, Kichomi (1974) kisha Karibu Ndani (1988). Mafupi, lugha nyepesi, na ndiyo mlango wa kila alichoandika baadaye.

Mwanamizani
Yale si mashairi. Ni insha iliyokatwa mistari.

Tumbili Mjini
Nilijua utakuja.

Mwanamizani
Nimekuja. Sheikh Amri Abedi kaweka sheria za kutunga mashairi tangu 1954, kitabu kipo. Mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, vina kati na mwisho. Asiyeweza aandike riwaya.

Nahodha wa Rafu
Na Mulokozi na Kahigi wakajibu katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu kwamba vina na mizani havitoshi kulifanya shairi kuwa shairi. Ugomvi huu umetuzidi umri. Rudini kwenye mada.

Bint Mvita
Kwa kuwa mizani imetajwa, nampa nafasi anayezijua kuliko wote humu: Abdilatif Abdalla. Kila mtu anajua habari ya karatasi za chooni gerezani. Alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa ajili ya waraka wa "Kenya: Twendapi?", diwani ya Sauti ya Dhiki ikatoka 1973, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Hadithi ya mwandishi imekula mashairi yenyewe. Wengi wanaisimulia bila kujua ubeti mmoja.

Kinachokwamisha ni Kimvita, lahaja ya Mombasa, na dawa yake ni ya dakika kumi. Penye *ch* ya Kiswahili sanifu mara nyingi utakuta *t*: macho ni mato, mchele ni mtele. Penye *nj* utakuta *nd*: njia ni ndia, njoo ni ndoo. Kisha kuna kitenzi cha zamani kinachoishia *-ile* au *-iye* badala ya kuanza na *-me-* au *-li-*. "N'shishiyelo ni lilo" ni "nililolishika ni lilo hilo". Andika hayo matatu kwenye kikaratasi, kiweke ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa. Ukifika shairi la tano hukihitaji tena.

Kosa la pili ni kusoma kimoyomoyo. Hiyo *n'* ina mizani yake. Hesabu: n-shi-shi-ye-lo ni li-lo. Nane kamili. Ukiimeza unapata saba, unadhani mshairi kachechemea, kumbe umechechemea wewe. Na usiruke utangulizi na maelezo ya Shihabuddin Chiraghdin. Mwalimu huyo ndiye pia aliyetufungulia Malenga wa Mvita (1971) ya Ahmad Nassir, ndugu yake Abdilatif.

Mwanamizani
Umenifurahisha, dada. Huyo ndiye mshairi.

Tumbili Mjini
Ambaye pia hakuwahi kuwatukana wa mashairi huria, yasiyofuata vina na mizani. Naacha hapo.

Mzee Kobe
Wanangu, mmegusa gereza. Kuna kifungo kingine kisicho na kuta. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mzaliwa wa 1896, alimaliza riwaya yake mwaka 1945. Kwa Kikerewe. Haikupata mchapishaji, kwani nani achapishe kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa? Mswada ukakaa. Mzee akaja akakaa chini mwenyewe, umri umeshamtupa mkono, akaigeuza yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka 1981 akafariki. Miaka 35 ya kungoja, na kuonja ni kama hakuonja.

Kisa kinaanza na mke na mume wasiopata mtoto. Wakwe wanakuja kumchukua binti yao, naye Myombekere hasemi "sawa, nitaoa mwingine". Anamfuata. Anatozwa pombe ya ndizi ili arudishiwe, na hapo ndipo kitabu kinafunua kifua, kwa sababu Kitereza hakwambii tu kwamba pombe ilipikwa. Anakuonyesha inavyotengenezwa. Hivyohivyo kwa kilimo, uvuvi, dawa, uzazi na matanga. Alihofia mambo ya wazee wake yasije yakapotea, akayaficha ndani ya mapenzi ya watu wawili.

Mnakwama kwa sababu kitabu kina zaidi ya kurasa 600 na salamu zake ni ndefu. Mtu akifika mahali atasalimiwa, ataulizwa habari, atakaribishwa, atapewa maji, ndipo aseme kilichomleta. Msomaji wa sasa anafunua kurasa tatu mbele. Hapo ndipo anapopoteza, maana mara nyingi kilichomleta mgeni kimeshaonekana katika namna alivyosalimiwa. Kurasa 15 kwa siku, jioni. Si zaidi.

Kiroboto
Mzee Kobe, uzi umeuteka. 1945 hadi 1980!

Chapakazi
Hiki kitabu kinapatikana wapi? Nani ana nakala?

Mchambua Pamba
Mnisamehe wengine, lakini naomba tubaki kwa Kitereza kidogo. Kwa hiyo alijitafsiri mwenyewe?

Mzee Kobe
Mwenyewe. Na kwa wanaosoma Kiingereza, Gabriel Ruhumbika aliitafsiri moja kwa moja kutoka Kikerewe, ikatolewa na Mkuki na Nyota 2002. Kijerumani pia ipo, juzuu mbili. Sasa Ruhumbika naye ni wa Ukerewe, na Kezilahabi naye ni wa Ukerewe. Kisiwa kimoja, watu watatu. Miradi Bubu ya Wazalendo (1992) ya Ruhumbika isomwe baada ya hapo, ndiyo riwaya inayoichambua nchi baada ya uhuru bila kupiga kelele.

Nahodha wa Rafu
Chapakazi, namna ya kutafuta. Kwanza tafuta kwa jina la mwandishi, usitafute kwa jina la kitabu, kwa sababu majina marefu kama hilo hukatwa kwenye orodha za maktaba. Pili jaribu tahajia zote. Adam Shafi kuna mahali ni Shafi Adam Shafi, kwa hiyo Kuli (1979) unaweza kuikosa huku ipo. Mohammed Suleiman Mohammed wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976) huchanganywa kila siku na Said Ahmed Mohamed wa Utengano (1980). Ni watu wawili. Tatu, vitabu vya Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki viliyumba baada ya Jumuiya kuvunjika 1977, hivyo ukikuta toleo moja tu kabla ya mwaka huo, usingoje chapa mpya. Nenda maktaba za vyuo.

Ukipata nakala iliyopigwa picha, usifurahi kabla hujaikagua. Vitabu hushonwa kwa mikunjo, mara nyingi kurasa 16 kila mmoja. Mkunjo ukichomoka, unapoteza kurasa 16 mfululizo. Kwa hiyo tazama maungio: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hadi mwisho. Kisha angalia ukurasa wa haki na tarehe. Wapiga picha huuruka, nawe hutajua ni toleo gani.

Bint Mvita
Na ukipata njia ya kununua, nunua. Mshairi hali picha za simu.

Tumbili Mjini
Anunue wapi kitabu cha 1980?

Bint Mvita
Nimesema ukipata.

Mama Kibwebwe
Nimesoma majina yote juu. Mwanamke ni mfasiri mmoja tu. Hongereni.

Shida ya Ndyanao Balisidya, 1975. Hana Hatia ya Martha Mvungi, mwaka huohuo. Hizo mbili zinafaa kuwa kwenye kila mazungumzo ya riwaya za miaka ya sabini na hazimo. Na Penina Muhando, mwandishi wa tamthilia: watu wanajua Hatia (1972) na wanasimama hapo. Nendeni Nguzo Mama (1982), wanawake wanaotaka kuisimamisha nguzo na kila mmoja ana kinachomvuta pembeni. Ukiisoma peke yako itaonekana ya kurudiarudia, kwa sababu ni ya jukwaa. Tafuta watu wanne watano, gaweni nafasi, mwenye sauti kubwa awe Bi Msimulizi. Marudio yanageuka ngoma. Kisha Lina Ubani (1984). Kichwa tu kinatosha mjadala: methali inasema la kuvunda halina ubani, yeye anasema lina.

Mchambua Pamba
Bi mkubwa, makofi tumeyapokea shavuni.

Chapakazi
Na Muhammed Said Abdulla? Bwana Msa na kiko chake?

Mwanamizani
Hadithi za upelelezi hizo. Hazina uzito.

Nahodha wa Rafu
Uzito unapima kwa kilo? Lugha ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni darasa la Kiunguja. Chapakazi, ila ukifika Duniani Kuna Watu (1973) chora mti wa ukoo toka ukurasa wa kwanza: nani kazaa na nani, nani kalelewa wapi. Bila huo mti utamwachia Najum, msaidizi wa Bwana Msa, kazi ya kushangaa kwa niaba yako.

Kiroboto
Haji Gora Haji wa Tumbatu, kimya kimya. Kimbunga (1994). Ukikwama neno, Kamusi ya Kitumbatu aliiandika yeye mwenyewe. Mshairi na kamusi yake, mnataka nini tena?

Mzee Kobe
Na Ahmad Nabhany wa Lamu. Umbuji wa Mnazi (1985). Ukitaka kujua tofauti ya kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi, na kwa nini kila kimoja kina jina lake, huko. Ndiye tunayemshukuru kwa neno runinga pia.

Tumbili Mjini
Katama Mkangi, Walenisi (1995). Mtu anarushwa kutoka nchi ya dhuluma na kutua sayari nyingine. Usianze kabla hujalitamka jina la kitabu polepole mara tatu.

Chapakazi
Wa-le-ni-si... wale... ni sisi. Aisee.

Kiroboto
Kwa heshima ya Mzee Kobe nimetunga mshororo wa kufungulia: "Kitereza wa Ukara". Mwanamizani, hesabu.

Mwanamizani
Ki-te-re-za wa U-ka-ra. Nane. Mizani safi, ila kisiwa umekosea. Ukara ni jirani.

Kiroboto
Ukerewe inanipa tisa.

Bint Mvita
Andika "Kitereza Mkerewe". Na hiyo *M* uihesabu.