Beitikasta au spina kwa kuvua besi? Kila nikirusha uzi unapiga rasta, naombeni ushauri

MgeniWaZiwa

Habari zenu wakuu. Naombeni msinicheke.

Naandika hapa mkasi ukiwa bado mezani. Wiki tatu zilizopita nilinunua beitikasta, ile rili inayokaa juu ya fimbo na bobini yake inazunguka uzi ukitoka. Sababu ni moja tu: kila video ya mashindano ya kuvua besi (samaki jamani, si mdundo wa muziki) naona wakali wote wameshika hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa navulia spina ya kuazima, ile inayoning'inia chini ya fimbo na ina waya wa kufungua na kufunga. Sikuwahi kupata shida nayo ya kukosesha usingizi.

Sasa hii mpya, narusha, chambo kinafika mita sita au saba, nasikia "krrrr", nikiangalia bobini uzi umefumuka kama nywele za mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Jumamosi nimerusha mara 15, rasta 9. Nimeshakata karibu nusu ya uzi.

Rili ni ya gia 7.1:1 (mpini ukizunguka mara moja, bobini inazunguka mara saba na kidogo), fimbo ni ya beitikasta kweli (ina kile kikulabu cha kidole chini), uzi ni fluorokaboni wa kuhimili ratili 12, chambo ni mnyoo wa plastiki laini bila risasi. Breki nimekaza mpaka mwisho, lakini wapi!

Nirudi kwenye spina au nivumilie? Na mtu mwenye uwezo wa kununua moja tu, achukue ipi?

KokwaLaEmbe

Naweka kambi hapa. Yangu iko kabatini tangu mwaka jana kwa kosa hilohilo.

FundiRili

Mkuu, kabla sijasema kitu nijibu matatu. Mnyoo wako una gramu ngapi pamoja na ndoana? Upepo ulikuwa unatoka wapi? Na hiyo "breki" uliyokaza ina umbo gani?

MgeniWaZiwa

Nimepima kwenye mizani ya jikoni: gramu 4. Upepo ulikuwa unanipiga usoni. Breki ni ile yenye miguu kama nyota, ipo kwenye shina la mpini.

FundiRili

Nilijua tu.

Hiyo nyota si breki ya kurushia. Hiyo ni dragi, inaamua samaki akivuta uzi utoke kwa ugumu gani. Unaporusha umeshabonyeza kitufe cha kuachia bobini, kwa hiyo dragi haina kazi yoyote hapo. Umekaza mlango wa nyuma, mwizi anapita wa mbele.

Vya kurushia viko viwili. Cha kwanza ni kifundo kidogo cha mviringo upande uleule wa mpini, jirani na nyota. Kinabana ekseli ya bobini. Cha pili kiko upande wa pili wa rili: ama piga yenye namba nje (sumaku), ama unafungua kifuniko na kukuta vipini vidogo vya plastiki ndani. Vile vipini bobini ikizunguka kwa kasi vinasukumwa nje na kusugua ukingo. Sumaku haigusi kitu, lakini bobini ya alumini ikizunguka karibu nayo inakabwa, na kadiri inavyokimbia ndivyo inavyokabwa zaidi.

Fanya hivi. Funga chambo, nyoosha fimbo mbele, bonyeza kitufe. Kaza kile kifundo kidogo mpaka chambo kishuke polepole chenyewe, na kikigusa chini bobini isimame bila wewe kuigusa. Halafu weka sumaku karibu na namba ya mwisho. Utarusha karibu, ndiyo, lakini utarusha. Kila ukipata kurusha 20 safi, punguza namba moja.

Lakini hayo yote hayatakusaidia sana kwa gramu 4 dhidi ya upepo. Rasta inatokea pale bobini inapokimbia kuliko chambo. Chambo chepesi kikikutana na upepo kinapungua mwendo mara moja, bobini haina habari, inaendelea kumwaga uzi usio na pa kwenda. Funga kitu cha gramu 14 ndipo ujifunze nacho.

MamaNdoana

Fundi kaeleza vizuri, mimi naongeza kwa upande wa spina maana naona watu wanaiita rili ya watoto.

Kwenye spina bobini imetulia tuli. Uzi unachomoka mduara kwa mduara, na chambo kikipungua mwendo uzi nao unapungua, kwa sababu hakuna kinachozunguka nyuma yake. Ndiyo maana gramu 3, 4, 5 zinakwenda bila shida hata kukiwa na upepo kidogo. Besi wa maji maangavu, wale wanaokisogelea chambo, wanakitazama, halafu wanageuza mkia, unawavua kwa uzi mwembamba wa ratili 6 hadi 8 na mnyoo mdogo unaoshuka taratibu. Hapo beitikasta ya kawaida inaumbuka.

Na kurukisha chambo chini ya gati, kama kijiwe kinachodunda juu ya maji, kwa spina unajifunza mchana mmoja. Kwa beitikasta utalia.

Mgeni, ulikuwa na chombo sahihi kwa huo mnyoo. Ulichokosea ni kuiga mkono wa mtu bila kuangalia kilichofungwa mwisho wa uzi wake.

ChuraJuuYaMajani

Dada Ndoana nakuheshimu, ila usimkatishe tamaa kijana.

Besi mkubwa hakai kwenye maji ya wazi akikusubiri. Yuko ndani ya magugu, chini ya mayungiyungi, kwenye matawi yaliyozama. Mimi navua kwa chura bandia juu ya majani, uzi wa kusukwa ratili 50, dragi imekazwa yote. Juzi kanipiga mmoja, maji yakapasuka kama mtu ametupa tofali. Nikahesabu moja, mbili, nikavuta. Kaja na kofia ya majani kichwani, zaidi ya kilo moja ya magugu naona. Jaribu hilo kwa spina yako na uzi wa ratili 8 uone kama hata chura utamrudisha.

Sababu ni ya kimaumbile tu. Kwenye beitikasta uzi unaingia kwenye bobini moja kwa moja, bobini yenyewe ndiyo winchi. Kwenye spina uzi unafika kwenye kirola kidogo cha waya, unapinda kona ya nyuzi 90, ndipo unazungushwa. Nguvu inapotelea pale.

Halafu kuna kidole gumba. Chambo kikiwa angani naigusa bobini nacho kidogo, kinatua pembeni ya kisiki bila kishindo. Mtu akishazoea hilo hawezi kueleza, anakuonyesha tu.

MamaNdoana

Kaka Chura, kidole gumba chako hakijakataliwa. Mwenzio ana gramu 4.

ChuraJuuYaMajani

Hahaha, hapo nimenyamaza. Ila kuna beitikasta za vyambo vidogo, zilianzia Japani, bobini yake nyepesi sana na inabeba uzi kidogo. Hizo zinarusha hata gramu 4.

FundiRili

Zipo, na ni nzuri, lakini si za kumpa mtu anayekaza dragi akidhani ni breki. Samahani Mgeni, nakutania.

Sasa na wa spina nao wasijisifu kupita kiasi. Rili nyingi ninazoletewa nifungue hazina ubovu wowote, ni uzi tu umesokoteka. Chanzo kikubwa ni hiki: samaki anavuta, dragi inalia, na mvuvi kwa woga anaendelea kuzungusha mpini. Kwenye spina kila mzunguko wa mpini wakati dragi inateleza unasokota uzi mara nyingi kama gia ilivyo. Gia ya 6:1, umezungusha mara 10 bure, tayari uzi una misokoto 60. Siku ya pili unarusha, kinatoka kifundo kizima kinakwama kwenye pete ya kwanza, unalaumu kiwanda.

Samaki akivuta, acha mpini. Akitulia, inua fimbo, kisha zungusha ukishusha. Ukisharusha funga ule waya kwa mkono, usifunge kwa kuzungusha mpini, halafu vuta uzi kidogo ukaze kabla ya kuanza. Na usijaze bobini mpaka ukingoni, acha milimita mbili au tatu. Uzi ukishasokoteka, toa chambo, uachie wote nyuma ya mashua inayokwenda polepole, kisha urudishe ukiupitisha katikati ya vidole. Unajinyoosha wenyewe.

MzeeWaMshipi

Vijana mnagombania ugomvi wa babu zenu. Rili za bobini inayozunguka zilikuwa zinatengenezwa na mafundi wa saa wa Kentucky, Marekani, tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Hii ya bobini iliyotulia alikuja kuipatia hataza Mwingereza Alfred Illingworth mwaka 1905, mtu wa viwanda vya nguo, aliyezoea kuona uzi ukichomoka kwenye bobini bila bobini kuzunguka. Tangu hapo kila upande unamcheka mwenzake.

Mimi nina zote mbili. Mkono ukiniuma naenda na spina.

KokwaLaEmbe

Swali la mvivu: rasta ikishatokea lazima mkasi? Mimi nilikuwa nakata tu.

FundiRili

Si lazima, na hapa ndipo watu wanapopoteza uzi bure. Vuta uzi taratibu mpaka unapokwama. Usichokonoe kwa kucha. Kaza dragi yote (hapa ndipo ile nyota ina kazi), gandamiza kidole gumba kwa nguvu juu ya uzi kwenye bobini, na bila kukiondoa zungusha mpini mara tatu au nne. Achia, bonyeza kitufe, vuta tena. Ile mikunjo iliyolala juu ya mwenzake inakuwa imelazwa, na mara nyingi uzi unatoka. Ikigoma rudia. Baada ya mara tano, sawa, leta mkasi.

Kwa wanaojifunza kuna kinga nyingine: rusha mbali kadiri unavyoweza, toa uzi mita chache zaidi, halafu bandika kipande cha utepe wa gundi juu ya uzi uliobaki kwenye bobini. Rasta ikija haivuki hapo.

Na kwa kujifunzia weka nailoni badala ya fluorokaboni. Fluorokaboni ni ngumu, inakumbuka umbo la bobini na ikipata mkunjo mkali inadhoofika pale. Utakatikiwa na samaki mzuri usijue kwa nini.

MgeniWaZiwa

Wakuu nimerudi na majibu.

Leo sikwenda ziwani, nilikwenda uwanjani. Nimefunga nati kubwa ya chuma, gramu 15, nailoni ratili 12. Nikabana kile kifundo kidogo mpaka nati ishuke polepole, sumaku nikaweka 9 kati ya 10. Aibu: ile piga ya sumaku ilikuwa kwenye 1 tangu siku niliyonunua.

Nimerusha mara 40. Rasta 3, zote nati ilipogusa ardhi na mimi nimesahau kuweka kidole. Mbili nimezitoa kwa ile mbinu ya kugandamiza, ya tatu nikakata kipande kifupi kama mkono. Nati ilikuwa inafika mita 20 hivi. Mtoto mmoja aliniuliza kama kwenye majani kuna samaki.

Baadaye nikarudisha mnyoo wa gramu 4 kujaribu tu. Mita tisa, halafu rasta. Kwa hiyo nimekubali: huu mnyoo naurudisha kwenye spina ya kuazima, na beitikasta nitaitumia kwa jigi (ndoana yenye kichwa kizito cha risasi) na vile visamaki vigumu vyenye ulimi wa kuzamia.

ChuraJuuYaMajani

Safi sana. Kwa hivyo visamaki vya kuzama gia yako ya 7.1 ina kasi kidogo, zungusha mpini taratibu. Wengine wanatumia 5 na kitu kwa kazi hiyo. Kwa jigi uko sawa kabisa, ukimnasa unakusanya uzi uliolegea haraka.

MamaNdoana

Hongera mdogo wangu. Ukija kununua spina yako, ya ukubwa wa 2500 inakutosha kwa besi. Weka uzi wa kusukwa mwembamba, na mwishoni unga fluorokaboni urefu wa fimbo hivi.

Halafu nina swali. Mpini wa hiyo beitikasta uko kulia au kushoto?

MgeniWaZiwa

Kulia. Na narusha kwa mkono wa kulia. Kwa nini dada?

MamaNdoana

Kwa hiyo kila ukirusha unahamisha fimbo mkono wa kushoto ndipo uanze kuzungusha?

MgeniWaZiwa

Ee. Si ndivyo inavyotakiwa? Mara mbili samaki ameuma wakati nahamisha mkono, nikadhani bahati mbaya. Ngoja nihamishe mpini kama kwenye spina, bisibisi ninayo hapa.

FundiRili

Mkuu, weka chini bisibisi!! Beitikasta haigeuzwi. Ya kushoto inanunuliwa ya kushoto. Wapo wengi wanaohamisha mkono na wanavua vizuri tu, fanya zoezi la kuhamisha chambo kikiwa bado angani.

MgeniWaZiwa

Nimeshafungua skrubu moja.

FundiRili

Tuma picha.