Naomba ushauri: nyumba ya kuungana yenye ghorofa, ninunue?

Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tumepata nyumba Mbweni, Dar es Salaam. Ziko sita zimeungana ukuta kwa ukuta, kila moja na ngazi yake ya ndani: sebule na jiko chini, vyumba vitatu juu. Tumeipenda sana. Ila Jumamosi niliweka kiganja ukutani, jirani anatwanga kwenye kinu, nikausikia mtwango mpaka kwenye kiwiko.

Kinachoninyima usingizi ni hati. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila mwenye sehemu ya jengo kuwa na hati yake, lakini muuzaji anatuonyesha hati moja tu ya kiwanja kizima. Za kwetu anasema zinashughulikiwa. Na paa ni moja kwa nyumba zote sita. Likivuja kwangu, anatengeneza nani?

Halafu tunaishi na mama, magoti yanamsumbua, na chini hakuna chumba.

Mliokwisha kununua nyumba za namna hii, mlidai nini kwa maandishi kabla ya kutoa malipo ya awali? Muuzaji anataka jibu mwisho wa mwezi.