Ubuntu inagoma kuwaka baada ya umeme kukatika

Mwenye steshenari, Majengo Dodoma
Wakuu, umeme ulikatika kompyuta yenye mfumo endeshi wa Ubuntu ikiwa kazini. Sasa nikiwasha inaishia skrini nyeusi, imeandika initramfs (mfumo mdogo wa kuwashia), na juu yake inadai /dev/sda2, yaani patisheni (sehemu ya diski), ifanyiwe fsck (ukaguzi na ukarabati wa mafaili) kwa mkono. Humo ndimo zilimo hesabu za duka na fomu za wateja. Kijana wa jirani anataka apige chini kila kitu aweke upya. Simwamini hata kidogo.

Fundi Area C
Mwambie apumzike! Andika hapohapo: fsck -y /dev/sda2, ikimaliza andika exit. Ila usiiendeshe kamwe kwenye patisheni inayotumika, itaharibu zaidi.

Mdau wa Kondoa
Taratibu mkuu. Kama diski yenyewe inakufa, fsck itaimalizia. Washa kwa flashi ya Ubuntu, piga sudo smartctl -a /dev/sda uone afya ya diski, tazama Current_Pending_Sector (sehemu za diski zinazogoma kusomeka). Ikizidi 0, nakili kwanza diski nzima kwa ddrescue (programu ya kunakili diski mbovu).

Mwenye steshenari
Ni 0. Fsck imepita, imewaka! Lakini kuna mafaili yamehamia lost+found (folda ambamo fsck huweka mafaili yaliyopotea njia), majina yote ni alama ya # na namba tupu.

Mdau wa Kondoa
Piga sudo sh -c 'file /lost+found/*', itakuonyesha ipi PDF, ipi picha. Majina utayarudishia mwenyewe. Na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nunua, bwana.